Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Aliyeumizwa Hospitalini Aambiwe Ukweli

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: WAJIBU WA HOSPITALI KUMWELEZA MGONJWA MADHARA ALIYOYAPATA AKIWA CHINI YA UANGALIZI WAKE

Mheshimiwa Waziri,

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, jirani na Mtaa wa Mchikichi na Mtaa wa Congo. Vijana wa sokoni walianza kufukua kifusi kwa mikono na nyundo kabla mitambo haijafika. Majeruhi walikimbizwa Mnazi Mmoja, Amana na Muhimbili. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Haukupita muda, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo yote. Ndivyo inavyopasa kuwa. Jengo likianguka nchi nzima inauliza: nani alilichora, nani alilikagua, nani alitoa kibali, na mengine yaliyosimama kando yake yakoje?

Nakuandikia kwa sababu maswali hayo hayaulizwi pale mtu anapoumia ndani ya hospitali. Mtu ameingia kwa miguu yake, ametoka amepooza. Mwingine amepelekwa kujifungua, ndugu wamerudishiwa maiti na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Wafiwa wanaambiwa ni kazi ya Mungu, wanakodi gari, wanasafirisha mwili kwenda Mkuranga au Moshi, na baada ya arobaini hakuna anayejua tena kilichotokea kwenye chumba kile. Mungu hatumlaumu. Tunachotaka kujua ni kama kulikuwa na jambo ambalo binadamu angeweza kulizuia, na kama limerekebishwa ili mgonjwa wa kesho lisimpate.

Ombi langu kuu ni moja. Hospitali yoyote, ya Serikali au ya binafsi, mgonjwa akipata madhara makubwa au akifa kwa sababu ya kosa la huduma, ilazimike kwa sheria kumwambia yeye au ndugu zake ukweli, kwa maandishi, kwa Kiswahili, ndani ya siku zinazojulikana. Leo jambo hili limeachwa kwenye dhamiri ya mganga mmojammoja. Wapo waganga wenye dhamiri kubwa, nami nawaheshimu. Lakini dhamiri ya mtu mmoja haiwezi kubeba mzigo wa taasisi nzima.

Mheshimiwa Waziri, somo hili tulishapewa, tena karibu sana na hapa. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishana meza za upasuaji. Aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa. Aliyekuwa na tatizo la kichwa alipasuliwa goti. Yule wa kichwa alifariki. Yule wa goti ilibidi apelekwe India kwa matibabu zaidi. Nchi ilishtuka, uchunguzi ukafanyika, madaktari wakasimamishwa kazi. Wenye umri wangu wanalikumbuka tukio hilo mpaka leo, na hapa mitaani ukimwambia mtu mzima anakwenda kupasuliwa bado anakujibu kwa wasiwasi uleule: wahakikishe jina langu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ya kosa lile ilikuwa inajaribiwa nchini mwetu miezi hiyohiyo. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti wa orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali za miji minane duniani: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila, New Delhi na, ya nane, Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha yenyewe ina mambo 19 ya kuthibitishwa kwa sauti. Kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, wanaomhudumia wanataja jina lake, sehemu itakayopasuliwa na upasuaji wenyewe, kisha wanaulizana kama ameridhia. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakukununuliwa mashine kubwa. Wauguzi na madaktari wa Ifakara, mji wa mashamba ya mpunga, walishiriki kuifundisha dunia namna ya kutompasua mtu asiye yeye.

Sasa tazama Nairobi. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, daktari alifungua fuvu la mgonjwa, akatafuta donge la damu kwenye ubongo, asilione. Mgonjwa hakuwa yule. Alama za utambulisho za watu wawili zilikuwa zimechanganywa kabla hawajafika chumba cha upasuaji. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita tangu Muhimbili, na hospitali zote mbili ni za rufaa ya juu kabisa katika nchi zake, zenye mabingwa wa kutosha kuona haya. Kwa hiyo kosa la namna hii halisababishwi na ujinga wa daktari, na halikomi kwa kumfukuza daktari. Linakoma pale taasisi inapokubali kulitazama usoni, kulieleza, na kubadili utaratibu uliolizaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hospitali nayo ni hivyohivyo.

Najua Wizara itanijibu kwamba vyombo vya usimamizi vipo. Ni kweli vipo, na ni vingi mno kwa mgonjwa mmoja. Daktari anasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017. Muuguzi na mkunga wana Baraza lao, kwa sheria ya 2010. Mfamasia ana Baraza la Famasi, kwa sheria ya 2011. Wa maabara ana lake. Dawa yenyewe na kifaa tiba viko chini ya TMDA, mashine ya eksirei iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na hospitali binafsi ina bodi yake kwa sheria iliyotungwa 1977, ule mwaka biashara ya tiba ilipopigwa marufuku, ikarekebishwa 1991 milango ilipofunguliwa. Kila chombo kina kazi ya maana. Lakini makosa mengi hospitalini hutokea katikati yao: pale muuguzi wa zamu ya usiku anapompokeza wa asubuhi, pale jibu la maabara linapochelewa kufika wodini, pale dozi iliyoandikwa na daktari inaposomwa vibaya dirisha la dawa. Nani anapokea lalamiko la kosa lililotokea katikati?

Ongeza na umiliki. Mkazi wa Gerezani akiugua ghafla ataanzia Mnazi Mmoja, hospitali ya Jiji, iliyo chini ya TAMISEMI. Ikishindikana atapewa rufaa kwenda Amana, hospitali ya rufaa ya mkoa, iliyo chini ya Wizara yako. Ikishindikana huko atapelekwa Muhimbili, yenye bodi yake. Katikati ya safari hiyo ndugu watakuwa wamekimbilia kipimo kwenye maabara binafsi ya ghorofani, juu ya maduka ya vitenge, na kununua dawa kwenye famasi ya Msimbazi kwa sababu dirisha la dawa limesema hakuna. Mtu mmoja, siku mbili, mikono mitano, na kila mkono una kumbukumbu zake. Serikali imekwishaagiza mifumo isomane. Mgonjwa wa Kariakoo bado anatembea na historia yake kwenye daftari la shule na bahasha ya picha kwapani, na daftari hilo likipotea ushahidi wake wote umepotea.

Tuseme sasa ameumia, na anataka haki. Baraza la Madaktari lina uwezo wa kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Hilo ni jambo kubwa kwa usalama wa umma, lakini mama aliyebaki na mtoto mwenye mtindio wa ubongo hapati kwa njia hiyo hata nauli ya kwenda kliniki. Kwa fidia lazima aende mahakamani. Kama hospitali ni ya Serikali, anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri, na afungue kesi Mahakama Kuu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yamezihusisha hata halmashauri na mashirika ya umma katika utaratibu huo. Muda wa kufungua shauri la madhara ya namna hii ni miaka 3. Na atakapofika mbele ya jaji ataulizwa swali la haki kabisa: shahidi wako mtaalamu ni nani? Atampata wapi daktari wa kusimama kizimbani aseme mwenzake alikosea, katika nchi ambayo mabingwa wa fani moja wanafahamiana wote? Atalipata wapi faili, ikiwa faili liko kwenye kabati la anayeshtakiwa?

Mama lishe wa Mtaa wa Swahili hawezi kupanda mlima huo. Ndiyo maana hawapandi. Wakubwa wasidhani kwamba kesi kuwa chache ni dalili ya usalama.

Nikiri pia kwamba sitaki nchi iliyojaa kesi. Hospitali inayoogopa kesi hujifunza kuficha mapema zaidi, na daktari anayeogopa kesi humkataa mgonjwa mgumu akampa rufaa ili afie kwingine. Familia nyingi, ukizisikiliza kwa utulivu, haziombi mamilioni. Zinaomba mtu mwenye mamlaka akae nazo chini, aseme hiki ndicho kilichotokea, hapa tulikosea, tunawaomba radhi, na haya ndiyo tuliyobadilisha. Uingereza waliligeuza hilo kuwa sheria mwaka 2014, baada ya uchunguzi uliofichua mateso ya wagonjwa katika hospitali ya Stafford. Huko hospitali inayonyamaza inavunja sheria. Hatuna sababu ya kusubiri aibu ya ukubwa ule.

Na kwa kweli hatuhitaji kwenda Uingereza kujifunza, kwa sababu utaratibu wenyewe tunao. Ninalotaka kukwambia kuliko yote ni hili. Mama akifa kwa uzazi katika kituo chochote cha Tanzania, mwongozo wa Wizara yako unataka kifo kiripotiwe ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7. Watu wanakaa mezani: mganga mfawidhi, mkunga, wa maabara, wa damu salama. Hawatafuti jina la kulaumu, wanatafuta sababu. Alichelewa nyumbani? Alichelewa njiani? Alichelewa mikononi mwetu? Damu ilikuwepo? Nani aliitwa, alifika baada ya muda gani? Kisha wanaandika hatua za kuchukua. Utafiti wa kitaifa wa 2022 umeonyesha vifo vya akina mama vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015/16. Yamechangia mengi: vituo vya afya vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji, usafiri wa dharura wa m-mama. Lakini sioni namna ungeweza kupunguza vifo usivyovihesabu na usivyoviuliza. Taifa lilipoamua kwamba kifo cha mzazi si siri ya wodi, mambo yalianza kubadilika.

Basi nauliza, Mheshimiwa: kwa nini meza hiyo inakaliwa kwa ajili ya mzazi peke yake? Bodaboda aliyefia mapokezi akisubiri, mzee aliyepewa damu isiyo ya kundi lake, mtoto aliyechomwa dozi ya mtu mzima, mgonjwa aliyeachiwa kitambaa tumboni, wote hao wanastahili meza ileile. Na kwenye meza hiyo ipo nafasi moja ambayo hata katika vifo vya uzazi imeachwa wazi, nafasi ya familia. Wataalamu wakishajadiliana, mume wa marehemu anabaki nje ya mlango. Anastahili kuitwa, asomewe kilichobainika, apewe nakala.

Nakala hiyo, na faili zima, si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti zaidi. Nenda leo mapokezi ya hospitali yoyote hapa mjini, uombe nakala ya faili lako, uone utakavyotazamwa. Waraka mmoja kutoka ofisini kwako, wa kurasa mbili, ungetosha kuwaeleza waganga wafawidhi wote kwamba sheria hiyo inawahusu.

Lugha nayo. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Jaji amejifunza kuandika hukumu kwa lugha ya mdaiwa. Hospitalini mtu bado anatoka wodini na muhtasari wa matibabu wa Kiingereza cha vifupisho, anaupeleka kwa mtoto wa jirani anayesoma chuo amtafsirie kama ana kansa au hana. Huo ni udhaifu wa usalama kabla haujawa udhaifu wa heshima, kwa sababu asiyejua alichoandikiwa hawezi kujua dozi imebadilishwa, wala hawezi kusema kwamba jina lililo juu si lake. Daktari aandike Kiingereza chake kwa ajili ya daktari mwenzake. Mgonjwa apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili: una nini, umefanyiwa nini, dawa gani, dalili zipi zikurudishe haraka.

Kuna jambo la PF3, nalo siwezi kuliacha kwa sababu hapa Kariakoo tunaliishi. Viongozi wa Wizara wamesema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ya polisi ifuate. Lakini kuli akiangukiwa na mzigo, au kijana akichomwa kisu kwenye vurugu za usiku, bado wenzake wanagawana kazi: wawili wambebe, mmoja akimbilie Kituo cha Polisi Msimbazi kuchukua PF3, wakiamini bila karatasi hiyo hawatapokelewa. Imani hiyo haikutoka hewani. Kauli ya jukwaani haimlindi muuguzi wa mapokezi anayeogopa kuulizwa kesho. Kenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sisi ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Iandikwe basi kwenye sheria ya afya, kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma, kwamba wa dharura hupokelewa kwanza, PF3 na malipo vitafuata, na bango la maneno hayo libandikwe kwenye kila lango.

Mheshimiwa Waziri, najua nani atakuwa wa kwanza kuiogopa barua hii. Ni muuguzi aliye peke yake usiku kwenye wodi iliyojaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja, glavu zimehesabiwa, na asubuhi kiongozi anakuja na kamera. Tumewaona watumishi wakisimamishwa kazi hadharani, mbele ya wananchi wanaopiga makofi, kabla hata hawajaulizwa. Makofi yale yaliwafundisha watumishi wengine elfu kufunga midomo. Ikiwa unataka kosa liripotiwe, lazima anayeliripoti awe na uhakika kwamba hatatolewa kafara. Sheria ninayoiomba imlinde kwanza yeye: atakayesema ukweli mapema asiadhibiwe kwa kuusema, na atakayeficha, atakayechana kurasa za faili au kubadili maandishi, huyo ndiye akutane na mkono wa dola. Ulevi kazini, rushwa na uzembe wa makusudi vibaki kuwa makosa kama vilivyo. Sivitetei.

Na mwenye hospitali asijifiche nyuma ya mtumishi. Aliyepanga zamu ya mtu mmoja mahali pa watu wanne ameshiriki katika kosa la zamu hiyo, awe ni mfanyabiashara wa Upanga au ni Serikali yenyewe. Tumeona uamuzi wa wenye hospitali unavyomfikia mgonjwa: Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi za bima ya afya ya NHIF kwa ugomvi wa bei za kitita kipya, na wagonjwa wakaachwa getini na kadi zao mkononi. Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, itakayoingiza hospitalini mamilioni ya watu ambao hapo awali walikuwa wakibaki nyumbani. Watu hao watalipia mapema. Wanastahili kujua kwamba walicholipia kina anayekiangalia.

Naomba mambo haya yaanze bila kusubiri Bunge. Mwongozo wa mapitio ya vifo vya uzazi upanuliwe kwa waraka, uguse madhara yote makubwa, ukianzia Mnazi Mmoja, Amana na Muhimbili, hospitali tatu zinazopokeana wagonjwa wetu kila siku. Liwekwe dawati moja la malalamiko Dar es Salaam, lenye wajibu wa kulipokea lalamiko na kulifikisha lenyewe kwenye Baraza linalohusika, ili mfiwa asizungushwe. Kila mwaka, tarehe 17 Septemba, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, Wizara itoe hadharani taarifa: matukio mangapi yaliripotiwa, ya aina gani, familia ngapi zilielezwa, nini kimebadilishwa. Majina ya wagonjwa na watumishi yafichwe. Majina ya hospitali yasifichwe. Kisha muswada uende Dodoma, uwe sheria.

Wabunge wa Ilala na madiwani wa kata za Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini na Upanga, nanyi barua hii inawahusu. Ulizeni swali hili kwenye vikao vyenu. Na wewe msomaji mwenye mgonjwa wodini leo, una haki ya kuuliza jina la dawa, una haki ya kumuuliza anayemsukuma ndugu yako kwenye machela kama anajua anampeleka nani wapi, na una haki ya kuomba nakala ya faili lake kwa maandishi. Iombe, hata kama utakunjiwa uso.

Mheshimiwa Waziri, tunasubiri jibu lako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam.

Nakala: Waziri wa Nchi, TAMISEMI, Msajili, Baraza la Madaktari Tanganyika, Msajili, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam.